Wanafunzi na Wapiganaji wa Zamani: Kumbukumbu ya Vita kutoka Unyaturu

Mungaa ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyaturu, ambao pia hujiita Warimi. Ni nchi ya mtama, uwele, alizeti na ng'ombe, katikati ya Tanzania, mbali na kila mpaka. Majeshi ya Idi Amin hayakukaribia huko, na Burma ni ng'ambo ya bahari. Hata hivyo, tangu utawala wa Wajerumani vijana wa Tanganyika ya kati wamechukuliwa vitani kwa nguvu, au wamejitokeza wenyewe, kizazi baada ya kizazi. Waliorudi walirejea shambani na zizini, wakazeeka kimya, na habari zao zikabaki kwa wajukuu. Namna watu hao walivyokumbukwa, na nafasi ya wanafunzi katika kuwakumbuka, ni historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Ndani yake kuna mambo mawili ambayo mara chache yamekwenda pamoja na mara nyingi yameachana: kujifunza kutoka kwa aliyepigana, na kumchangia.

Shujaa wa kwanza ambaye mtoto wa Kinyaturu husimuliwa hakuwa na bunduki, wala hakuwa mwanamume. Ni Liti Kidanka, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati utawala wao ulipokuwa ukijieneza kutoka kwenye boma lao la Kilimatinde, ambalo leo limo katika Wilaya ya Manyoni. Simulizi zinasema alikuwa na uwezo wa kuwaamuru nyuki wawashambulie askari wa Kijerumani, na kwamba hatimaye aliuawa. Mtafiti Marguerite Jellicoe aliyaandika mapambano hayo ya Wanyaturu katika jarida la Tanzania Notes and Records mwaka 1969, akitegemea kumbukumbu za wazee. Kwa muda mrefu jina la Liti liliishi midomoni tu. Siku hizi liko pia langoni mwa uwanja wa mpira wa mjini Singida, ule uliokuwa ukiitwa Namfua, na mashabiki wa timu zinazotoka mbali hulitamka hata kama hawajui ni la nani. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa historia inapoanza, kwa kuwa jina lililowekwa uwanjani bila simulizi yake halimfundishi mtu chochote.

Vita Kuu ya Kwanza iliikumba Tanganyika ya kati vibaya sana. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, yaliingia Kondoa Irangi, na kufikia mwisho wa Julai yalikuwa yameishika reli ya kati hapo Dodoma na kusonga kuelekea Kilimatinde. Mwaka uliofuata kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Wintgens, na baadaye Naumann, kilijitenga na jeshi kuu na kuzunguka nyuma ya Waingereza hadi Mkalama, kaskazini mwa Singida. Kila jeshi lililopita lilitaka vitu vilevile: nafaka, ng'ombe na mabega ya kubebea mizigo. Katika nchi jirani ya Ugogo matokeo yake yalikuwa njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo mwanahistoria Gregory Maddox ameionyesha kuwa zao la vita pamoja na ukame. Watu walikufa kwa maelfu, majeshi yakiwa yamekwisha kuondoka.

Askari wa pande zote mbili walikuwa wachache ukiwalinganisha na wapagazi. Waingereza peke yao waliwatumia Waafrika wapatao milioni moja kubeba chakula, risasi na majeruhi katika Afrika Mashariki, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, walikaribia 100,000 au hata kupita idadi hiyo. Kikosi hicho cha wabeba mizigo kilibaki katika lugha: Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kambi yao. Mnara wa Askari uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 uliwekwa kwa heshima ya Waafrika waliotumika katika vita hiyo, lakini anayeonekana juu yake ni askari mwenye bunduki na singe. Mpagazi hayumo juu ya mnara huo, na wakati wa uzinduzi wake hapakuwa na daftari lililoorodhesha majina ya wote waliokufa njiani. Pengo hilo halijazibwa hadi leo. Familia nyingi za Tanganyika ya kati zinajua tu kwamba babu mmoja alichukuliwa na hakurudi.

Wakati huohuo huko Uingereza ulikuwa ukizaliwa utaratibu mpya wa kuwachangia waliorudi. Mwezi Novemba 1921 wananchi waliuziwa kwa mara ya kwanza ua jekundu dogo la kuvaa kifuani, mfano wa maua yaliyoota katika mashamba yaliyopiganiwa ya Ubelgiji na Ufaransa. Kampeni hiyo ya kwanza ilipata zaidi ya pauni 106,000, na mwaka uliofuata kiwanda cha kutengeneza maua hayo kilifunguliwa ili kuwapa kazi wanajeshi waliopata ulemavu. Shule zilishiriki: mtoto alinunua ua, akaelezwa maana yake, akasimama kimya dakika mbili tarehe 11 Novemba. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa katika kuunganisha somo na senti. Mwaka huohuo wa 1921 vyama vya wapiganaji wa zamani kutoka sehemu mbalimbali za dola la Uingereza vilikutana Cape Town na kuunda shirikisho lao, ambalo mrithi wake bado anafanya kazi katika nchi za Jumuiya ya Madola. Lakini mfuko uliokusanywa London haukumfikia mpagazi wa Kilimatinde. Kwa Mwafrika wa Tanganyika, ua lile lilikuwa sherehe ya bwana zaidi kuliko msaada kwake.

Vita ya pili, ambayo wazee wengi waliiita Vita ya Hitla, ilichukua watu wengi zaidi kama askari. Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, wengi wao katika King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili walilifupisha kuwa Keya. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941 hadi Gondar ilipoanguka, wakapelekwa Madagascar mwaka 1942, na mwaka 1944 wakashuka bonde la Kabaw nchini Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika mvua na tope la masika ya huko. Jimbo la Kati, ambalo Singida ilikuwa sehemu yake, lilitoa pia wanaume walioandikwa kwa lazima kwenda kukata mkonge, kwa kuwa kamba za mkonge zilihitajika vitani. Hao hawakuhesabiwa kuwa wapiganaji, ingawa hawakuwa na hiari zaidi ya askari.

Malipo ya kuaga jeshi yalipangwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi na kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alipata sehemu ndogo tu ya alichopewa Mzungu wa cheo kilekile. Dhuluma hiyo ilikuwa imeandikwa katika kanuni zenyewe, na ilichukua zaidi ya miaka 70 kabla serikali ya Uingereza haijatangaza, mwaka 2018, karibu pauni milioni 12 za kuwapatia angalau milo miwili kwa siku wapiganaji wa kabla ya uhuru waliokuwa bado hai katika nchi za Jumuiya ya Madola, pamoja na wajane wao. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Upande wa Wajerumani nako kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi: mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani walioishi Tanganyika, na wazee wapatao 350 wakakusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Inasemekana ofisa aliyeleta fedha alimpa kila mzee ufagio ashike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna hata mmoja aliyekosea. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, lakini kinaonyesha jambo zito: nusu karne baada ya vita, kumbukumbu pekee ya utumishi wa wazee hao ilikuwa katika miili yao.

Uhuru ulibadilisha kwanza majina. Kambi ya Colito jijini Dar es Salaam, iliyopewa jina la mapigano ya Mei 1941 huko Uhabeshi, iliitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikishinda kikosi cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari mwaka huo, likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mwanafunzi aliyepita mbele ya lango la Lugalo alikuwa sasa akisoma ushindi wa babu zake. Lakini kubadilisha kibao ni kazi ya siku moja. Kilichohitaji muda ni kwenda kuwauliza wenye kumbukumbu, na kazi hiyo waliifanya wanafunzi.

Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha mradi wa utafiti wa Vita vya Maji Maji. Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Kitanzania, na John Iliffe walikuwa wamekwisha kuchapisha kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, na idara ya historia, iliyojengwa na Terence Ranger, ilitaka kuitoa historia ya nchi katika majalada ya watawala. Wanafunzi wa historia walipofunga chuo walikwenda nyumbani kwao, kusini na mashariki mwa nchi, wakawahoji wazee wilaya baada ya wilaya. Ripoti zao zilikusanywa na kutolewa kwa pamoja mwaka 1969.

Ukubwa wa jambo hilo unaonekana ukipiga hesabu. Aliyekuwa na umri wa miaka 15 maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yalipoanza kuenea mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 mwaka 1968. Wanafunzi wale walikuwa kizazi cha mwisho kilichoweza kuketi na mtu aliyeyanywa maji yale, au aliyemzika ndugu yake katika njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Wangechelewa miaka 15, wasingempata mtu. Makadirio ya waliokufa yaliyotajwa na Wajerumani ni 75,000. Gwassa aliamini idadi halisi ilikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo haikutokana na hesabu tu. Ilitokana na nani aliulizwa.

Mradi ulikuwa na kasoro zake, na ni vizuri anayetaka kuuiga leo azijue. Maswali yalipangwa mapema kwa nia ya kuonyesha vita vya umoja, vita vya taifa lililokuwa likijiandaa kuzaliwa. Wazee walioeleza ugomvi wa jirani na jirani, waliopigana upande wa Wajerumani, au wanawake walioona njaa zaidi ya mapigano, hawakupewa nafasi ya kutosha. James Giblin na Jamie Monson, wahariri wa kitabu kikubwa cha mwaka 2010 kuhusu vita hivyo, pamoja na waandishi wenzao, walionyesha jinsi historia ya kila eneo ilivyokuwa na sababu zake. Hata hivyo waliweza kukosoa kwa kuwa ripoti za wanafunzi zilikuwepo. Mwaka uleule ripoti hizo zilipotolewa, 1969, Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, ambayo wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakiisoma kwa miongo mingi. Songea, ambako Wajerumani waliwanyonga wapiganaji 67 tarehe 27 Februari 1906, ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1980, na kila mwaka mwezi Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka. Unyaturu haukupata mradi wa namna hiyo. Makala ya Jellicoe ni moja. Ripoti za wanafunzi wa kusini ni nyingi.

Miaka hiyohiyo nchi ilikuwa ikiwahifadhi wapiganaji wa nchi nyingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na kuanzia 1972 katibu mtendaji wake alikuwa Hashim Mbita. Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika tangu 1964, na makaburi ya baadhi yao yako huko. Mazimbu, nje kidogo ya Morogoro, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Katika shule hiyo darasa, shamba na makaburi vilikuwa mahali pamoja, na misaada ya kuijenga ilichangwa katika nchi nyingi. Mwaka 1992 ilikabidhiwa kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanafunzi anayesoma hapo haambiwi kwamba wapiganaji waliishi mbali. Wamelala hapohapo. Mbita mwenyewe alipewa baadaye kazi ya kusimamia mradi wa nchi za SADC wa kukusanya historia ya ukombozi kwa kuwahoji walioshiriki, na juzuu zake 9 zilizinduliwa mwaka 2014.

Vita iliyoigusa Tanzania yote, ikiwemo Singida, ni ile ya Kagera, au Vita ya Nduli kama inavyojulikana mitaani. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi ya kaskazini mwa Mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa litapigana. Katika wiki chache jeshi lililokuwa na askari wasiofika 40,000 lilipanuka hadi zaidi ya 150,000, miongoni mwao mgambo wapatao 40,000, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwezi Januari 1979 Mutukula ilitekwa, Februari ikafuata Masaka, Machi kukawa na mapigano makali ya Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Vita ilimalizika tarehe 3 Juni.

Mpaka kati ya mwanafunzi na mpiganaji ulikuwa mwembamba wakati huo. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963, liliwachukua kwa lazima wahitimu wa kidato cha sita na vyuo kuanzia 1966. Sheria hiyo ilipokuja, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana na Mwalimu akawafukuza 393 kati yao. Miaka 12 baadaye, wengi waliovaa sare katika vita ya Kagera walikuwa vijana ambao miaka michache tu kabla walikuwa wamekaa kwenye madawati. Mgambo nao walikuwa wakulima wa kijijini. Vita hiyo haikupiganwa na tabaka la wanajeshi lililo mbali na wananchi, ndiyo sababu karibu kila kata ya Tanzania inaweza kumtaja aliyekwenda.

Na ilipiganwa kwa michango. Wananchi walitoa ng'ombe, nafaka na fedha. Wenye malori waliyatoa yabebe askari na vyakula. Kwa mfugaji wa Tanzania ya kati ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni bima dhidi ya njaa. Kumtoa zizini kwa ajili ya askari asiyemjua ni kutoa kitu kizito kuliko noti. Baada ya ushindi wananchi waliombwa wafunge mkanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu kupita muda huo: sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipotea madukani kwa miaka. Kwa hiyo kila kaya ya miaka ile ilichangia vita mara mbili, kwanza kwa kutoa na kisha kwa kukosa. Hilo ni somo la uchumi na la historia kwa pamoja, na bibi yeyote aliyepanga foleni ya sukari mwaka 1980 anaweza kulifundisha. Henry Muhanika aliiandikia vita hiyo utenzi uliochapishwa mwaka 1981, akifuata mkondo wa kina Hemedi Abdallah el Buhriy na Abdul Karim bin Jamaliddini, waliotunga tenzi za vita vya Wajerumani.

Waliokufa walipata makaburi yenye majina, jambo ambalo wapagazi wa 1916 hawakulipata. Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, wamezikwa askari 435, na majina yao yameandikwa kwenye mnara mweupe. Tarehe 25 Julai kila mwaka ni Siku ya Mashujaa, na mwaka 2014 Rais Jakaya Kikwete aliiadhimisha hapohapo Kaboya. Ibada ya siku hiyo imechukua alama za nyumbani. Ua jekundu la Kiingereza halikuota mizizi. Badala yake Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine huweka upinde na mshale, shoka na shada la maua. Mwenye shoka ni mwakilishi wa wapiganaji wa zamani, na katika sherehe hiyo yote yeye ndiye pekee anayesimama pale kwa sababu ya alichokifanya vitani.

Kwa walio hai mambo ni tofauti. Mwanajeshi aliyestaafu kwa utaratibu wa jeshi ana pensheni yake na ana chama, Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, kinachomsemea. Mgambo aliyechukuliwa kijijini mwezi Novemba 1978 na kurudishwa kijijini baada ya vita hakuwa mwajiriwa wa jeshi, na kilichombakia ni heshima ya majirani. Wengine walirudi na risasi mwilini au na usingizi uliovurugika. Katika kumbukumbu za kitaifa hawa ndio wanaosahaulika upesi, na ndio walio karibu zaidi na shule ya kata.

Shule zenyewe zimepitia mabadiliko yanayohusu jambo hili moja kwa moja. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa Machi 1967, iliipa kila shule shamba, na mazao yake yakawa njia ya wanafunzi kupata fedha kwa jasho lao wenyewe. Kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne ilitolewa bila ada, na michango ya lazima shuleni ikapigwa marufuku. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa watoto wa maskini walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada au michango. Maana yake ni kwamba mwalimu hawezi kumtoza mzazi fedha ya kumsaidia mzee wa vita, hata kwa nia njema. Kinachoruhusiwa ni hiari, kwa ridhaa ya wazazi na kwa usimamizi wa kamati au bodi ya shule. Kwa wilaya inayolima alizeti kama Ikungi, jibu liko shambani: gunia la alizeti la klabu ya wanafunzi likikamuliwa mafuta, fedha yake haitoki mfukoni mwa mzazi yeyote. Na haihitaji kuwa nyingi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ulianza kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6. Ekari moja ya alizeti, mvua zikinyesha vizuri, ingeweza kuzilipia kaya kadhaa za wazee kwa kiwango hicho.

Upande wa masomo, mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 ilileta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, lililotokana na msukumo wa Rais Magufuli wa mwishoni mwa 2020 kwamba historia ya nchi ifundishwe kwa uzito wake. Somo hilo linaweza kufundishwa kwa kukariri tarehe. Linaweza pia kufundishwa kama walivyofanya wanafunzi wa 1968. Njia ya pili ina masharti yake. Mzee aulizwe kwa lugha anayoota nayo, yaani Kinyaturu kwa wazee wengi wa Mungaa, kisha maneno yake yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa mbele yake ayasahihishe. Asilazimishwe kueleza alichokiona kama hataki. Mkewe aulizwe pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyelima peke yake mwaka ule wa vita. Cheti, picha au barua iliyobaki ipigwe picha kwa simu na kurudishwa mikononi mwa mwenyewe siku hiyohiyo. Maswali yaachwe wazi, ili kosa la mradi wa Maji Maji, la kumtafutia mzee jibu kabla hajasema, lisirudiwe. Nakala moja ibaki kwa familia na nyingine shuleni, kwa sababu daftari moja huishia kuliwa na mchwa.

Mpangilio kati ya kujifunza na kuchangia nao una uzito. Mchango unaotangulia humfanya mzee kuwa mhitaji anayepigwa picha akipokea sabuni. Kujifunza kunakotangulia, pale mtoto anapokuwa amemsikiliza mzee akieleza Mutukula au Lukaya na kumsomea alichoandika, huufanya mchango uwe malipo ya deni. Wanyaturu, kama Watanzania wengine, wanajua tofauti ya kupewa sadaka na kulipwa. Shule inayoanza na kusikiliza haitapata shida kuwashawishi wanafunzi walime.

Muda ndio haupo. Aliyepigana Burma akiwa na miaka 18 mwaka 1944 alifikisha miaka 99 mwaka 2025, na wa namna hiyo ni wachache mno. Aliyejiunga na mgambo akiwa na miaka 20 mwishoni mwa 1978 alifikisha miaka 65 mwaka 2023. Hao bado wapo, katika vijiji vya Mungaa na kata za jirani, wakipalilia mtama na kuhudhuria misiba ya wenzao. Walimu wa historia wa Ikungi waanze nao msimu huu, na waanze na wale mgambo ambao hawamo katika orodha ya mtu yeyote.